Ganzi Haina Haraka

Mdogo wangu wa Matondoni, umeniuliza: wiki ya sita tangu upasuliwe shingo, maumivu ya mkono yamekwisha, mbona vidole bado vina ganzi? Unashuku daktari kakosea. Ngoja kwanza.

Maumivu na ganzi haviondoki siku moja. Mshipa wako wa fahamu ulibanwa na diski iliyochomoza baina ya pingili. Ukishafunguliwa, ule moto wa mkononi mara nyingi hupoa mapema. Ganzi ndiyo mzembe. Nyuzi za mshipa zilizoharibika huota upya kwa milimita 1 hivi kwa siku. Pima mwenyewe toka shingoni hadi ncha ya kidole cha shahada, uone kama si safari ya zaidi ya mwaka. Na ikiwa mshipa ulibanwa muda mrefu kabla ya upasuaji, huenda ganzi kidogo ikabaki. Sikufichi.

Mimi linalonitia hofu ni jiko. Kidole kisichohisi hakijui sufuria ya moto wala mafuta ya mahamri. Pima joto kwa mkono ule mzima, shoga, hata kama unajiona mpishi.

Halafu bahari. Ukivuka kwenda Mokowe kupanda basi la Mombasa, usikae omo. Kusi ikivuma, omo ndiko kunakorushwa. Kaa tezi, umwambie nahodha apunguze mwendo. Akinuna, anune. Punda mwache kwa sasa, na ndoo ya maji usijitwike mpaka daktari akuruhusu. Ukisuka mkeka, inua kazi ije machoni, usiinamishe shingo kuifuata. Kuswali, swali kitini. Mgonjwa ana ruhusa.

Shangazi atakuja na mafuta ya simsim akukande, mwengine alete chuku. Wakaribishe kahawa. Shingo usiwape.

Dawa ya mishipa ikikulewesha usingizi, mwambie daktari aipunguze. Usiikate ghafla kwa shauri la jirani.

Lakini mkono ukizidi kulegea, miguu ikawa mizito, haja ndogo ikakataa au ikajitokea yenyewe, ukapata homa, kidonda kikatoa usaha, au pumzi na kumeza vikawa taabu, usingoje alfajiri. Amsha watu, itwe boti, uende hospitali ya King Fahd usiku huohuo. Karatasi za upasuaji na picha zako zitie ndani ya mfuko wa plastiki uufunge vizuri, maana boti ya usiku haikosi kurusha maji.