Tuweke Ipi Kwenye Distro Yetu?

*Mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika shule ya sekondari mkoani Mbeya. Pamoja na wenzangu wawili, mmoja fundi wa mitandao na mwingine mwanafunzi wa chuo, tumetengeneza distro ndogo ya Linux inayotokana na Debian, kwa ajili ya shule na ofisi ndogo. Programu za kuandikia na za mahesabu zimekaa vizuri. Tumekwama kwenye seva. Tunataka mkuu wa shule, mhasibu na walimu wawe na barua pepe, kalenda ya pamoja, orodha ya mawasiliano na mahali pa kuweka mafaili, vyote vya chanzo huria. Fundi anataka Zimbra kwa sababu ina kila kitu. Mwanafunzi anasema Nextcloud, kwa kuwa inapendeza na ina app ya simu. Mimi nilipotaja SOGo niliulizwa nimeitoa wapi. Tukapiga kura, kila moja ikapata kura moja. Hizi distro kubwa huamua vipi? Na tukishachagua, tunaruhusiwa kuweka nembo yetu kwenye ukurasa wa kuingilia?*

*Mwalimu, Mbeya*

Mwalimu, hiyo kura iwekeni kando, maana hata ingetoa mshindi isingewasaidia.

Debian mnayoijengea haina kamati inayokaa kulinganisha Zimbra na SOGo halafu ikatangaza matokeo. Mtu mmoja anajitokeza, anaandika hadharani kwamba anakusudia kuifunga programu fulani iwe kifurushi, kisha anaifunga. Kazi yake inakaa foleni mpaka wasimamizi wa hifadhi wapitie leseni na hakimiliki za mafaili yaliyomo. Hapo wengi hukwama, kwa sababu programu ya ofisi inayofunguka kwenye kivinjari huwa imebeba JavaScript za watu wengine chungu nzima, kila moja na masharti yake. Ikipita, inaingia tawi la unstable. Ikitulia bila hitilafu kubwa inahamia testing. Na testing ikishagandishwa, yaliyomo ndiyo yatakayotoka kama toleo thabiti. Katiba ya Debian inatamka wazi kwamba haimlazimishi mtu yeyote kuufanyia mradi kazi. Kwa hiyo programu nzuri isiyo na wa kuitunza haiingii, na iliyokwisha kuingia ikikimbiwa na mtunzaji wake huja kutolewa. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kwenye distro za makampuni mambo ni mengine: huko uamuzi ni wa biashara. SUSE iliwahi kuuza seva yenye Openexchange, programu ya barua pepe na kalenda, ndani yake. Mwanzoni mwa 2004 Novell ikakamilisha ununuzi wa SUSE ikiwa tayari na programu yake ya kazi hiyo hiyo, GroupWise, na Openexchange ikalazimika kujitafutia maisha nje. Haikushindwa kwa ubora, ila nyumba ilikuwa na mwenyewe. Leo hiyo hiyo, kwa jina la Open-Xchange, ndiyo iliyochukuliwa na jimbo la Schleswig-Holstein nchini Ujerumani lilipohamisha visanduku vya barua zaidi ya 40,000 kutoka Microsoft Exchange, kazi iliyotangazwa kukamilika Oktoba 2025. Jimbo lina bajeti na wataalamu wa kuajiri. Ninyi mko watatu, na mmoja ana mitihani.

Sasa niichukue Zimbra ya fundi wenu. Ni kweli ina kila kitu, na shida ndiyo hiyo. Ukiisakinisha, inajenga mji wake ndani ya /opt/zimbra: Postfix yake, OpenLDAP yake, hifadhidata yake, nginx yake. Debian inazo zote hizo, na ina watu wanaoziwekea viraka, lakini viraka vyao havifiki kule ndani. Mwanya wa Heartbleed ulipojulikana kwenye OpenSSL Aprili 2014, mwenye Zimbra ya toleo la 8 aliyesasisha mfumo wake akalala alikuwa bado yuko wazi, kwa kuwa Zimbra ilikuwa ikitumia OpenSSL yake yenyewe.

Kisa cha 2022 kinafundisha zaidi, na ningependa fundi akisome taratibu. Zimbra hutumia programu iitwayo Amavis kufungua viambatisho ili vikaguliwe virusi. Kwa aina fulani za mafaili yaliyofungwa, Amavis huomba msaada wa programu ndogo, pax. Ikikosa pax inaishika nyingine ya zamani, cpio, na cpio ilikubali faili lililofungwa kijanja liandikwe nje ya folda linalofunguliwa. Basi mshambuliaji anatuma barua pepe yenye kiambatisho. Hakuna anayekibofya. Seva yenyewe inakifungua ili ikikague, na kwa kukifungua inalipanda faili la mshambuliaji ndani ya folda ya tovuti ya Zimbra. Kuanzia hapo analiita kwa kivinjari na kuiamuru seva. Kwenye Ubuntu 20.04 shambulio hilo halikufua dafu, kwa sababu pax ilikuwepo. Kwenye Red Hat 8, Rocky 8 na ndugu zao pax haikuwepo kwa kawaida, milango ikawa wazi. Zimbra ile ile, tofauti ni kiprogramu kimoja ambacho wengi hawajawahi kukiandika kwa mkono wao. Mtu anayetengeneza distro ndiye anayeamua kama kiprogramu kama hicho kitakuwemo. Ni ninyi hao.

Halafu kuna suala la mwenye mali. Zimbra ilinunuliwa na Yahoo 2007, ikaenda VMware 2010, Telligent 2013, Synacor 2015. Kuanzia toleo la 9, kampuni iliacha kutoa toleo huria lililokwisha kutengenezwa tayari kusakinishwa. Msimbo upo, jengeni wenyewe. Mnaweza kulijenga? Pengine. Mnaweza kulijenga upya kila kiraka kinapotoka, kwa miaka mitano? Mimi ningesema hapana, tena kwa seva za shule zenye RAM ya GB 4 wakati yenyewe inaanzia 8.

Nextcloud ya mwanafunzi ni programu ninayoipenda, na leseni yake ni safi. Lakini angalieni tarehe za matoleo. Debian 12 ilitoka Juni 2023, Debian 13 ikatoka Agosti 2025. Tuseme mngeifunga Nextcloud 26 ndani ya distro yenu ya Debian 12. Toleo hilo ni la Machi 2023, na kila toleo kubwa la Nextcloud hupewa viraka kwa takriban mwaka mmoja tu. Kufikia katikati ya 2024 shule zenu zingekuwa zinatumia kitu kisichowekewa viraka tena. Debian 13 inatoka, Nextcloud iko kwenye 31, na haikubali kurukwa: 26 iende 27, halafu 28, 29, 30, ndipo 31, na hatua moja ikikatika njiani kwa sababu umeme umezimika, mhasibu hana mafaili. Isitoshe, Debian 13 inakuja na PHP 8.4 wakati Nextcloud 26 mwisho wake ni PHP 8.2. Shule itakayosasisha mfumo kwanza, kama mlivyoizoesha, itakuta Nextcloud imegoma kuwaka.

Hii ndiyo sababu hamuioni kwenye hifadhi ya Debian. ownCloud, ambayo Nextcloud ilijitenga nayo 2016, iliwahi kuwamo ikaondolewa, na kutoruhusu kuruka matoleo kulikuwa miongoni mwa sababu. Hakuna aliyesema ni programu mbaya. Mwendo wake na mwendo wa Debian haikuendana.

Kwa hiyo SOGo, Mwalimu? Ndiyo, ningeanza nayo, ingawa huenda si kwa sababu ulizowapa wenzako. SOGo haijengi mji. Inakaa juu ya Postfix na Dovecot za Debian, inatumia PostgreSQL au MariaDB ya Debian, inasoma majina ya watumiaji kutoka LDAP mliyonayo. Iko kwenye hifadhi, ikiwa na mtunzaji. Kalenda zake zinasomeka kwa CalDAV, kanuni iliyochapishwa 2007, na anwani kwa CardDAV ya 2011, kwa hiyo Thunderbird inazisoma, iPhone inazisoma, na kwenye Android mtu anaweka DAVx5 mambo yanakwenda.

Ina kasoro zake. Imeandikwa kwa Objective-C juu ya GNUstep, na sidhani kama mtapata Mbeya nzima mtu wa kuwarekebishia hitilafu humo. Nayo imebadilisha mikono: Inverse ya Kanada iliyoikuza ilinunuliwa na Akamai 2021, sasa inashughulikiwa na Alinto ya Ufaransa. Vifurushi rasmi vilivyopimwa kwa ajili ya kazi hutolewa kwa wanaolipia msaada, na ninyi mtategemea vya Debian. Lakini hebu fikirini siku SOGo ikifa. Barua zote ziko kwenye Dovecot, hazijaguswa. Kalenda zinatoka kama mafaili ya ICS, anwani kama VCF, mnazipeleka kwingine. Kwangu hilo ndilo lililoamua. Na mkiiona bado ni kubwa mno kwa ofisi ya watu sita, Roundcube kwa barua na Radicale kwa kalenda zinatosha, zote ziko Debian.

Mafaili SOGo haihifadhi. Ndani ya shule, Samba, ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao wa ofisi, itawafaa kuliko mnavyodhani, hasa intaneti ikikatika. Na mwanafunzi wenu msimvunje moyo. Nextcloud ibaki nje ya distro, iwe kitu cha kuongeza, naye aandike mwongozo wa kuisakinisha kutoka kwa walioitengeneza na jina lake likae juu ya mwongozo huo kama mwenye jukumu la kuipandisha kila toleo linapotoka. Akikubali, shule inayoitaka itaipata. Akisita, mmeshapata jibu bila kugombana.

Jambo hilo la jina ningelifanya sharti kwa kila kifurushi mnachoongeza juu ya Debian. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka Jambo OpenOffice, iliyotolewa 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilikuwa kazi ya heshima, programu nzima ya ofisi ikizungumza Kiswahili. Oktoba mwaka uliofuata OpenOffice 2.0 ikatoka, yenye menyu mpya na maneno mapya ya kutafsiriwa. Mradi huwa na tarehe ya kufungwa. Programu inaendelea kutoa matoleo bila kuuliza kama fedha zimebaki. Andikeni mapema nani atakuwepo.

Jambo moja hukuuliza, lakini litawapata. Seva iliyo nyuma ya intaneti ya simu au ya ofisi ya kawaida haitapokelewa vizuri na Gmail ikituma barua moja kwa moja. Shule isajili jina lake la .sc.tz, barua za ndani ziende ndani, na za nje zipitishwe kwa mtoa huduma anayekubali kuzisambaza, SPF na DKIM za kuthibitisha mtumaji zikiwa zimewekwa. Distro yenu iulize jina la mtoa huduma huyo wakati wa kusakinisha, isidhani. Na msishangae walimu wakiendelea kupanga vikao kwenye WhatsApp. Mtakachowapa wao ni kalenda isiyopotea mtu akibadilisha simu, na sanduku la mhasibu linalobaki shuleni mhasibu akihama.

Kuhusu nembo: leseni ya msimbo na haki ya jina ni mambo mawili. Debian yenyewe iligongana na hilo kwenye Firefox, ikaiita Iceweasel kuanzia 2006 hadi 2016, kwa sababu Mozilla haikutaka jina lake kwenye programu iliyobadilishwa bila idhini yake. Kwenye SOGo, wekeni picha yenu kwenye ukurasa wa kuingilia, ila taarifa za hakimiliki msizifute, na msijitangaze kuwa ndio mlioitengeneza. Leseni yake ya GPL inawataka, mkigawa distro yenye SOGo, mtoe pia msimbo wake kamili, pamoja na mabadiliko yenu, kwa mliowapa. Ya Nextcloud, AGPL, inakwenda mbali zaidi: mkiibadilisha, hata mwalimu anayeitumia tu kupitia kivinjari ana haki ya kupewa msimbo. Kwa SOGo, folda moja ndani ya diski ya usakinishaji inatosha. Iwekeni tangu toleo la kwanza, kabla hamjasahau mlibadilisha nini.