Kuwahi Kazini
Somo: Mathayo 24:45–46

Bwana wetu anamsifu mtumishi anayewapa wenzake chakula. Lakini hataji chakula peke yake. Anataka kitolewe kwa wakati wake.

Hapa Ngarambe, alikokaa Kinjikitile, wazee wetu waliwahishwa kazini kwa nguvu. Kabla ya Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905, walilazimishwa kulima pamba ya Wajerumani, wakifika shambani kwa kuogopa kiboko. Kuwahi kwa namna hiyo hakuna upendo. Kiboko kikiondoka, nako kwaondoka.

Tulindapo mpunga dunguni kwa zamu, hakuna msimamizi. Aliyekesha akifukuza nguruwe anamngoja mwenzake alfajiri. Ukichelewa, atasinzia au atakwenda zake. Shamba litaliwa, na watoto wa nyumba mbili watalala njaa. Ndivyo ilivyo kwa mwalimu na kwa mganga wa zahanati. Achelewaye hali wakati wake, anakula wa jirani.

Basi tuwahi, si kwa hofu, bali kwa kumpenda anayetungoja.

Swali la kutafakari: Juma hili, ni nani aliyekungoja?