Kwa Nini Picha Huganda? Televisheni ya Intaneti Ndani ya Kompyuta

Mtazamaji wa televisheni ya kawaida anapowasha chombo chake hampunguzii jirani yake kitu. Mnara hurusha mawimbi yale yale kwa wote, wawe mia moja au laki moja, na antena ya kila nyumba huyanasa. Televisheni ya intaneti haiendi hivyo. Kila kompyuta inayofungua kituo huipelekea seva ombi lake, na kwa kawaida huletewa nakala yake peke yake. Njia ikiwa nyembamba, picha huganda, mara nyingi pale pale mchezo unaponoga.

Kwanza yafaa kuujua ukubwa wa mzigo. Picha yenye nukta 1,280 kwa upana na 720 kwa kimo ina nukta 921,600. Kila nukta ikielezwa kwa biti 24, na picha 25 zikionyeshwa kila sekunde, jumla ni biti milioni 553 hivi kwa sekunde, yaani megabiti 553. Laini za mtandao zilizo nyingi haziwezi kuubeba mzigo huo. Kwa hiyo picha hubanwa kabla ya kutumwa. Katika kanuni ya H.264, iliyopitishwa mwaka 2003, hutumwa picha moja kamili, kisha kwa zile zinazofuata huelezwa hasa yale yaliyobadilika: mpira umesogea, lakini nyasi ni zile zile. Mzigo hushuka hadi megabiti 2 au 3 hivi. Ubanaji huo una gharama yake. Habari zikipotea njiani, nyuso za watu hukatikakatika kuwa miraba, wala hazitengenei mpaka picha kamili nyingine ifike.

Mzigo uliobanwa hukatwa vipande. Katika utaratibu uitwao HLS, uliotolewa na kampuni ya Apple mwaka 2009, kila kipande huwa na sekunde chache za picha na sauti, na orodha ya vipande huandikwa katika faili dogo la maandishi ambalo jina lake huishia na m3u8. Programu ya kuchezea video, kama vile VLC, hupewa anwani ya orodha hiyo. Huisoma, huchukua vipande kwa zamu, kisha huirudia kutazama kama vipya vimeongezwa. Yote haya hula muda. Ndiyo maana mwenye antena hushangilia bao wakati jirani yake mwenye kompyuta angali anauona mpira katikati ya uwanja.

Vipande havifiki kwa mwendo mmoja. Kwa sababu hiyo programu haionyeshi papo hapo kila inachopokea, bali huweka akiba. Akiba hiyo ni kama tangi la maji juu ya paa: maji ya mjini huja kwa kusitasita, lakini bomba la jikoni hutiririka maadamu tangi halijakauka. Katika VLC mtazamaji aweza kuiongeza akiba, nayo hupimwa kwa milisekunde.

Wengi hudhani kwamba tangi kubwa ni dawa ya kila ugonjwa. Sivyo. Iwapo video hula megabiti 3 kila sekunde na laini huleta 2 tu, akiba ya sekunde 30 ni megabiti 90, na kuijaza huchukua sekunde 45. Picha ikianza, tangi hupungua megabiti 1 kila sekunde. Baada ya sekunde 90 limekauka. Akiba ikiongezwa maradufu, picha itaganda baada ya sekunde 180 badala ya 90, basi. Akiba huponya kusitasita kwa laini. Haiponyi uchache wake. Hapo hapana budi kuchagua picha ndogo zaidi, ambayo vituo vingi huitoa pamoja na ile kubwa.

Shuleni hesabu hii huwa ya fedha. Somo la dakika 40 linalotumwa kwa megabiti 1 kwa sekunde ni megabiti 2,400, au megabaiti 300. Wanafunzi 40 wakilifungua kila mmoja kwa kompyuta yake, shule imetumia megabaiti 12,000, na laini yake lazima imudu megabiti 40 kwa sekunde. Kompyuta moja na projekta hutumia 300 tu.

Panapo mtandao wa waya kati ya kompyuta za shule, ipo njia nyingine, nayo ndiyo iliyoizaa VLC. Mwaka 1996 wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, nchini Ufaransa, walianza mradi wa kusambaza televisheni ya setilaiti katika mtandao wa chuo chao. Mwaka 2001 programu zao zikatolewa bure kwa umma chini ya leseni ya GPL. VLC ya leo ingali na uwezo wa kutuma, si kupokea tu. Kompyuta ya mwalimu hupokea mkondo mmoja kutoka nje na kuutawanya kwa zile 40 za ndani, nayo laini inayolipiwa hubeba megabiti 1.