Mbwa wa Kwanza wa Kuwinda, Nyumba Ikiwa na Watoto

Vijana wanaorudi kulima huku kusini, kuanzia Somanga hadi Mchinga, hunijia na swali moja: nitapata wapi mbwa mkali? Wana ufuta na mihogo, nguruwe wanawamaliza, na jioni wangefurahi kupata kanga wa porini wa kitoweo. Nyumbani kuna mke, watoto wadogo, na mara nyingi mama mzazi asiyekosa swala. Nimefuga mbwa kando ya Mto Matandu tangu ujana wangu hadi sasa wajukuu wamejaa uani, na jibu langu halijabadilika kwa miaka mingi. Tafuta mbwa atakayerudi ukimwita. Huyo ndiye atakayekufaa porini, na ndiye utakayemwacha uani na watoto ukaenda msikitini moyo umetulia. Haya ndiyo yaliyonifikisha kwenye jibu hilo.

1. Mlinzi kwanza, mwindaji baadaye

Mtu wa mjini akisikia mbwa wa kuwinda hufikiria nyama. Mkulima wa Kilwa hufikiria nguruwe. Nguruwe pori hutoka usiku, kwa makundi, na kundi moja likiingia kwenye mihogo, asubuhi unakuta matuta yamefukuliwa, mizizi mingine imetafunwa nusu na kuachwa. Ndiyo maana watu hujenga madungu na kulala shambani tangu nafaka inapoanza kukomaa hadi mavuno yaingie ndani.

Kulala huko kumegharimu roho za watu. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Craig Packer na wenzake, wakiwemo Dennis Ikanda na Bernard Kissui, ulioonyesha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Lindi ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno, Machi hadi Mei, na watafiti walimtaja nguruwe pori waziwazi katika kisa hicho. Simba anafuata nguruwe, nguruwe anafuata mazao, na mkulima amelala katikati yao kwenye kibanda cha miti na nyasi.

Usiku mmoja wa msimu kama huo nilikuwa dunguni na mbwa jike niliyemwita Subira. Nilizoea kelele zake za nguruwe: alibweka akienda mbele, akisimama, akigeuka kunitazama, akaenda tena. Usiku ule hakubweka. Alirudi nyuma hadi chini ya ngazi, manyoya ya mgongo yamesimama, akawa ananguruma kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Sikushuka. Kulipopambazuka, mimi na majirani tulikuta nyayo za simba pembezoni mwa mtama, si mbali na mahali ambapo ningepita kwenda kuwafukuza hao niliodhani ni nguruwe.

Kilichonishangaza ni kwamba Subira alikuja kwangu. Porini kote kulikuwa wazi kwake kukimbilia, naye akachagua chini ya ngazi yangu. Tangu hapo nikawa namtafuta mbwa anayekukumbuka hata akiogopa.

Jambo moja la sheria hapa hapa kabla hujaenda mbali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila kibali, na vijiji vyetu vingi vya bara, upande wa Likawage na Njinjo, vimekaribiana na maeneo ya hifadhi. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, mweleze una nguruwe shambani na una mbwa, usikie anachokuruhusu na asichokuruhusu. Nenda kabla ya msimu.

2. Mkali hufa mapema

Mzee mmoja wa Kingindo, mwindaji wa siku nyingi, alikuwa na mbwa wembamba, wadogo, wenye kelele nyingi. Jirani yetu alikuwa na dume kubwa lenye kifua kipana, lililoogopwa kijiji kizima. Siku walipotoka pamoja kufukuza nguruwe kwenye mpunga nami nikafuatana nao, niliamini dume lile litafanya kazi yote.

Nguruwe aliposimama kwenye kichaka, wale wembamba walimzunguka, wanabweka, wanaruka nyuma kila alipogeuka. Dume likaingia moja kwa moja likamkamata shavu. Nguruwe dume ana meno ya chini yanayochana, na shingo yake ina nguvu ya kurusha kichwa juu mara moja. Ilikuwa mara hiyo moja tu. Tulimbeba mbwa kwenye shuka na hakufika nyumbani.

Yule mzee hakufurahia. Alisikitika kwa dhati, kisha akaniambia, "Mjukuu wangu, kazi ya mbwa ni kumsimamisha mnyama na kukwambia alipo. Akitaka kuua peke yake, hajui kama wewe upo."

Maneno hayo nayarudia kwa kila kijana. Mbwa mwenye hadhari, anayebweka kwa umbali na kukusubiri, atakulindia shamba miaka mingi. Na huyohuyo, mtoto wako akimkanyaga mkia gizani, ataruka pembeni kabla hajafikiria kung'ata. Hadhari iliyomwokoa mbele ya nguruwe ndiyo itakayomwokoa mtoto wako, na kwa sababu hiyo sioni kwamba unahitaji mbwa wawili, mmoja wa pori na mmoja wa nyumba.

3. Mtazame mama yake

Watu huchagua mtoto wa mbwa kwa rangi, au kwa ukubwa wa miguu. Mimi nakwenda kumtazama mama. Naenda akiwa ananyonyesha, nafuatana na mwenye nyumba, nasimama mbali kidogo. Jike anayebweka, kisha bwana wake akisema neno moja ananyamaza na kuendelea kutuangalia, huyo watoto wake nawataka. Anayetoka na meno huku bwana wake akimkimbilia na fimbo, nageuza njia, hata watoto wake wawe wazuri namna gani.

Kisha kuna jaribio la mfuniko wa sufuria, nililoonyeshwa na mwanamke mmoja wa Kiranjeranje ambaye mbwa wake walikuwa wakigombewa. Watoto wakiwa wanacheza, angusha mfuniko chini hatua chache kutoka walipo. Mmoja atatoroka na kubaki mvunguni, mwache. Mwingine atauvamia mfuniko aung'ate. Huyo mpe mtu mwingine asiye na watoto. Utamwona mmoja anaruka nyuma, anasimama, anafikiri, halafu anarudi polepole kuunusa. Huyo ndiye wako. Nilistaajabu mara ya kwanza, kwa kuwa aliyerudi alikuwa mdogo kuliko wote, jike la rangi ya udongo ambalo nisingelitazama mara mbili. Ndiye Subira niliyemtaja.

Mchukue akiwa na wiki 8 hivi, asiwe chini ya hapo. Hadi kufikia wiki ya 12 au 14 ndipo mbwa anapozoea vitu vya dunia yake: watoto wanaopiga kelele, mbuzi, kuku, bodaboda, kinu kinachotwangwa, mgeni aliyevaa kanzu. Asichokutana nacho kipindi hicho atakiogopa ukubwani, na woga mwingi wa mbwa hugeuka meno. Kwa hiyo usimfungie bandani eti awe mkali. Mtembeze.

Kuhusu aina, sina maneno mengi. Mbwa wetu wa kienyeji wanavumilia jua, kupe na chakula cha huku kuliko wale wakubwa wenye manyoya mazito wanaoletwa kutoka Dar es Salaam. Anayeona mbwa wa Kiafrika hawana ukoo wa kuwinda na awatazame Wambuti wa Ituri kule Kongo, wanaowinda na mbwa wadogo waliovalishwa njuga shingoni ili wafuatwe msituni.

4. Dini imeshaliangalia jambo hili

Huku pwani swali hili huja kabla ya mengine yote, na ni haki lije. Mama yangu alipomwona mtoto wa mbwa mikononi mwangu alikaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, nyumba hii inaswaliwa." Nikamwahidi kwamba sitamwingiza ndani, na nikaenda kwa shehe wetu.

Nilitegemea katazo. Nikapata darasa. Akanikumbusha kwamba mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, na kwamba Sura ya Al-Maida, katika aya ya 4, imezungumzia wanyama waliofunzwa kuwinda na kuhalalisha walichokushikia, ukilitaja jina la Mwenyezi Mungu unapowatuma. Kisha akanieleza mafakihi wa Kishafi wanamwita nani mbwa aliyefunzwa: ukimtuma huenda, ukimzuia husimama, akikamata hali, anakushikia wewe. Akianza kula, amejiwindia mwenyewe.

Nilitoka pale nikiwa na fikra mpya. Sifa ambazo yule mzee wa Kingindo alizipata porini, wanazuoni walikuwa wameziweka kuwa sharti karne nyingi nyuma. Mbwa asiyezuilika, hata kanga aliyemkamata ana shaka.

Nyumbani tulipanga hivi, na mpango huo unafanya kazi hadi leo. Banda liko upande wa nyuma, mbali na jiko na mahali pa kuswalia. Chombo chake ni chake, hakichanganywi na vya watu. Akiramba chombo cha nyumbani kinaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, na watoto wote wanajua kufanya hivyo. Mtu mkavu akipitiwa na mbwa mkavu, nguo hainajisiki, na jambo hilo dogo lilimwondolea mama hofu kubwa. Miaka ya mwisho ya maisha yake yeye ndiye aliyekuwa akiuliza kila jioni kama Subira ameshakula.

5. Watoto wafunzwe pamoja naye

Mtoto asimsogelee mbwa anayekula, aliyelala, au mwenye watoto. Asimkumbatie shingoni. Hayo yanatosha kuanzia, na mtu mzima awepo mtoto mdogo anapokuwa karibu naye. Mpe mbwa dawa ya minyoo kama anavyoelekeza mtaalamu wa mifugo, na umkague nyayo, kwa sababu funza wanaoingia kwenye miguu yake ndio wanaoingia kwenye miguu ya wanao wanaocheza peku uani hapo hapo.

6. Anayeshikika ndiye anayechanjwa

Kuanzia 2010 mikoa ya kusini mashariki, Lindi na Mtwara ikiwemo, iliwekwa kwenye mradi mkubwa wa kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, ukiratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Nakumbuka siku ya chanjo kijijini kwetu. Foleni ndefu chini ya mwembe, na walioshika kamba wengi wao walikuwa watoto. Kila mtoto na mbwa wake, wametulia. Watu wazima wenye mbwa wakali walikuja mikono mitupu, wakieleza kwamba wao wenyewe hawawezi kumfunga kamba. Mbwa wale walibaki bila chanjo, na ndio waliozurura kuliko wote.

Sikulitegemea hilo. Nilidhani chanjo ni kazi ya serikali na dawa, kumbe inaanzia kwenye kamba na mkono anaouamini mbwa. Mzoeshe mtoto wa mbwa kamba tangu wiki ya kwanza anapofika kwako, ili akifika miezi 3 apelekwe achanjwe, na arudiwe kila mwaka kama atakavyopangiwa. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mtu aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kidonda kiwe mkwaruzo.

Adui mwingine ni mbung'o, anayewaambukiza mbwa ugonjwa porini. Mbwa anayekonda ghafla na jicho lake likaanza kuwa na ukungu mweupe wa kibuluu, usiseme ameingiwa na mchanga. Mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo umweleze alikuwa pori gani.

7. Mwite mara nyingi, pori liwe la mwisho

Mafunzo yenyewe ni mepesi, yanataka uvumilivu tu. Mwite kwa neno moja au filimbi moja kila anapopewa ugali wake na vichwa vya dagaa, na watoto wamwite kwa neno lilelile. Akija, apate kitu. Usimwite kamwe ili umpige, kwani siku hiyo unakuwa umelifuta neno lote ulilolijenga. Akizoea uani, mwite akiwa anacheza na mbwa wenzake. Kisha mwite akiwa anawakodolea macho kuku wa jirani. Kisha mbuzi, akiwa kwenye kamba ndefu.

Nimeona vijana wakimtoa mbwa wa miezi sita kufuata kundi la wakubwa kwenye nguruwe, kwa haraka ya msimu. Anajifunza kukimbia na kuvamia kabla hajajifunza kusikia, na nyumbani anarudi na tabia hiyo kwa kuku, halafu mbuzi. Subira aliingia porini akiwa amevuka mwaka, baada ya kuwa amemwacha mbuzi anayekimbia na kurudi kwangu aliposikia jina lake. Ukifika hapo na mbwa wako, tafuta mzee mwenye mbwa mmoja aliyetulia, mtoke wawili asubuhi kwa kanga, na kamba uibebe begani.