Mdogo wangu wa mwaka wa kwanza, anza na shamba la Muleba

Wadogo zangu mnaosoma sheria, barua zenu nimezisoma na nyingi zina kilio kimoja: kukariri nimekariri, lakini nikiwekewa swali lenye kisa cha Juma na Asha sijui nishike wapi. Mmoja ameniambia amebandika kanuni za Kilatini ukutani, juu ya kitanda, azione kila akiamka. Mtu wa namna hiyo si mvivu hata kidogo. Anachokosa ni kisa. Kanuni za sheria zimetokana na ugomvi wa watu, na ukizing'oa kwenye ugomvi huo ukazimeza peke yake, siku ya mtihani hazikusaidii.

Kwa hiyo leo sikupi orodha. Nakupa hukumu moja uisome mwenyewe mpaka mwisho: Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory na Gervazi Kaizilege, Mahakama Kuu, Mwanza, 1990. Iliandikwa na Jaji James Mwalusanya.

Kisa ni cha Mkoa wa Kagera. Bi Holaria alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, tena kwa wosia halali. Umri ukasogea na wa kumtunza hana. Tarehe 24 Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa Bwana Kaizilege, ambaye si mtu wa ukoo. Kesho yake, tarehe 25, Bwana Ephrahim wa ukoo wake akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba. Aliomba mauzo yatamkwe kuwa batili, kwani kwa mila za Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia na kuamuru mnunuzi arudishiwe fedha zake. Mahakama ya Wilaya ikatengua uamuzi huo. Ephrahim akapanda Mahakama Kuu, na huko akashindwa.

Kabla hujaenda kwenye hoja za Jaji, waweke watu mahali pao. Ephrahim ni mdai kule Kashasha, mjibu rufaa pale wilayani, na mrufani Mwanza. Mtu ni yuleyule, lakini jina lake kwenye karatasi linabadilika kadiri shauri linavyopanda. Na hili ni shauri la madai, kwa hiyo hapa hakuna mshtakiwa, hakuna mwenye hatia, hakuna wa kufungwa. Nimeona majibu mengi ya mitihani yanayosema mdaiwa "ana hatia ya kuvunja mkataba". Mdogo wangu, sentensi kama hiyo inamwambia msahihishaji tangu mstari wa kwanza kwamba madai na jinai bado hujazitenganisha. Mdaiwa anawajibika, analipa fidia, anaamriwa atekeleze. Hatia iache kwenye jinai.

Sasa njoo kwenye sheria yenyewe, maana hapa ndipo palipo na utajiri. Ephrahim hakuwa anabuni. Mila ile ilikuwa imeandikwa na kutangazwa na Serikali, Tangazo Na. 436 la mwaka 1963: mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila kuiuza hawezi. Mahakama Kuu yenyewe ilikuwa imeshaifuata, kama katika uamuzi wa mwaka 1968. Kwa hiyo alikuwa na mila, alikuwa na tangazo, na alikuwa na uamuzi uliotangulia. Alishindwaje?

Kati ya 1968 na 1988 kuna mwaka 1984, ambapo haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba. Ibara ya 13(4) inakataza ubaguzi. Ibara ya 64(5) inasema sheria nyingine yoyote ikikiuka Katiba, Katiba ndiyo itakuwa na nguvu. Tena sheria ya mpito ya mwaka huo wa 1984 iliziagiza mahakama zizisome sheria zilizokuwepo kwa marekebisho yatakayozipatanisha na Katiba. Jaji akafanya hivyo hasa: akaisoma ile mila kana kwamba mwanamke naye ametajwa. Hapo umepata ngazi ya vyanzo vya sheria bila kuikariri. Katiba iko juu, sheria za Bunge zinafuata, na mila inasimama pale tu isipogongana na hizo. Zipo pia sheria tulizozipokea kutoka Uingereza, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920; hizo utazikuta kwenye Sura ya 358 ya sheria zetu na mhadhiri wako atazirudia mpaka uchoke, nami nazipita.

Na ule uamuzi wa 1968? Ulitoka kwa jaji wa Mahakama Kuu, na jaji wa ngazi hiyohiyo huuheshimu bila kufungwa nao. Ungekuwa wa Mahakama ya Rufani ukihusu jambo lilelile, chini ya Katiba ileile, asingekuwa na pa kukwepea.

Swali linalowaangusha wengi ni hili: kesi imeamua nini hasa? Ukiandika "imefuta mila za Wahaya", umekosa. Mila ilimruhusu mwanaume kuuza, huku mwanaukoo yeyote akiwa na nafasi ya kulikomboa shamba kwa kumlipa mnunuzi bei aliyotoa. Jaji hakuiondoa nafasi hiyo. Aliipanua iwahusu wanaume na wanawake kwa usawa, na Ephrahim akabaki na njia ya kulikomboa shamba kwa kumlipa Kaizilege zile 300,000. Kiini cha uamuzi ni kile tu ambacho bila hicho matokeo yasingekuwa hayo. Mengine yote, hata yawe mazuri kiasi gani, ni maneno ya pembeni; unaweza kuyatumia kushawishi, lakini hayamfungi mtu.

Kwa upande wa jinai nitasema machache. Waliouliza kwa nini kutojua sheria si utetezi ilhali "nia ovu" inahitajika, fikirieni malapa ya msikitini. Umetoka kuswali, ukavaa ya mwenzako ukiamini kwa dhati ni yako. Umechukua mali ya mtu, kitendo kipo, lakini wizi haupo kwa sababu nia ya kuiba haipo. Umekosea kuhusu jambo lililopo. Sasa mwingine anajua fika si yake, anayachukua, halafu anasema hakujua kwamba kuchukua malapa ni kosa. Huyo hana pa kusimama. Na katika hali zote mbili, anayepaswa kuthibitisha ni Jamhuri, bila kuacha shaka yenye mashiko, maana Ibara ya 13(6)(b) imeshamhesabu mshtakiwa kuwa hana kosa mpaka itakapothibitika. Usiandike kamwe kwamba mshtakiwa "ameshindwa kuthibitisha kuwa hakuiba". Kwenye madai kipimo ni chepesi zaidi: mwenye ushahidi mzito kuliko mwenzake ndiye anayeshinda.

Ukipata nafasi wikiendi hii, usiniandikie kwanza. Nenda kasome DPP dhidi ya Daudi Pete, kwenye ripoti za sheria za 1993. Ni habari ya dhamana, na aliyetoa uamuzi wa Mahakama Kuu ni Mwalusanya yuleyule. Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilikubaliana naye kwamba kifungu cha sheria cha kunyima dhamana kinagongana na Katiba, lakini ilikataa hoja yake kwamba kumnyima mtu dhamana ni kumhesabu kuwa na hatia kabla ya hukumu. Matokeo ni yaleyale, njia mbili tofauti. Andika kwa maneno yako, nusu ukurasa, zilipoachana. Ukikwama hapo, ndipo uniletee barua.