Mkristo wa Siku Nyingi na Mizani ya Pamba

Somo: Mithali 11:1, Luka 19:1-10

Ndugu wapendwa, katika kila usharika wamo wazee waliobatizwa zamani. Wameihifadhi Katekisimo moyoni, wala mahali pao hapakai wazi siku ya Bwana. Tumshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini yafaa tuulize: mtu aliyeuzoea mlango wa kanisa miaka arobaini, imani yake yaonekana wapi siku ya Jumatatu?

Hapa kwetu Somanda, katika Bariadi, jibu hupatikana upesi wakati wa kuuza pamba.

1. Amri ya Mungu. Mithali yatufundisha ya kuwa Bwana huichukia mizani ya hila. Naye Dk. Martin Luther, alipoieleza Amri ya Saba mwaka 1529, hakumtaja mwizi wa usiku peke yake, bali na yule ajipatiaye mali ya jirani kwa bidhaa mbovu na biashara ya udanganyifu. Basi atiaye maji au mchanga katika pamba ili uzito uzidi, ameiba, ijapokuwa hakuonekana. Na karani apunguzaye kilo za mjane, ameiba vilevile.

2. Mfano wa baba zetu. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma, Paul Bomani akiwa mbele yao, walijiunga katika vyama vya ushirika, kwa kuwa walichoka kupunjwa mizanini. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaunganishwa kuwa shirikisho moja kubwa. Wazee hao walidai mizani ya haki. Je, sisi watoto wao tutaipelekea mizani hiyo mchanga?

3. Neema ya Kristo. Mtu atasema, "Ada ya shule yadaiwa, mvua ilikuwa chache, na mnunuzi naye hunipunja." Taabu hiyo ni ya kweli, wala tusiidharau. Lakini dhambi ya mwingine haiigeuzi yangu kuwa haki. Mtazameni Zakayo. Bwana alijikaribisha nyumbani kwake kabla hajarudisha hata senti moja. Hakununua neema kwa kurudisha mara nne. Alirudisha kwa sababu amependwa. Tena Katekisimo yatufundisha ya kuwa Adamu wa kale ndani yetu azamishwe kila siku kwa toba. Kwa hiyo hata aliyebatizwa miaka arobaini iliyopita huanza tena kila asubuhi. Katika Ukristo hakuna kustaafu.

Maswali ya kujifunza nyumbani:

Je, jirani yangu asiyeamini aweza kununua mzigo wangu bila kuufungua?

Yuko nani niliyempunja, nami naweza kumrudishia?

Je, sisi wainjilisti na wazee wa kanisa tumemfariji mkulima mwenye dhiki, ama tumengoja sadaka yake ya mavuno tu?

Bwana atujalie imani iingiayo kanisani pamoja nasi, na kutoka pamoja nasi hata sokoni. Amina.