Jina la Ua: Je, Lamfaa Mtu Mzima?

Ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani aliyehamia Gachoka, katika nchi ya Wambeere huko Embu, ametuletea swali. Amezaliwa binti wa pili, na siku ya saba i karibu. Yeye apenda kumwita Asumini. Mkewe, ambaye ni mzaliwa wa huko, ataka mtoto achukue jina la mama yake, kwani ndiyo desturi yao: binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa mume, na wa pili kwa jina la mama wa mke. Tena rafiki zake wamemwambia kuwa Asumini ni jina tamu kwa mtoto wa kubebwa, lakini atakapokuwa bibi mwenye wajukuu litakuwa mzaha. Atuuliza, je, maneno haya ni ya haki?

Kwanza twaona yafaa tuwaelewe wanaopinga, kwani hawakusema neno la kipuuzi. Mtoto huwa mtoto kwa miaka michache tu, na jina hudumu naye mpaka kaburini. Mzazi anayechagua jina kwa kutazama mashavu ya mtoto pekee amemsahau mtu mzima atakayetoka katika mtoto yule. Desturi ya Gachoka ina hekima katika jambo hili. Jina la bibi limekwisha kuvaliwa na mtu mzima; limelima, limelea, limezika na kuheshimiwa. Hapana mwenye kuuliza kama litamfaa mkubwa. Nasi wa pwani twalijua jambo hili, kwani tuliyeshirikiana naye jina twamwita somo, na somo ana haki yake.

Lakini je, ua ni kitu cha kitoto? Hapa ndipo kosa lao lilipo. Tazameni desturi zetu. Kikuba cha asumini na rehani hakivaliwi na mtoto mchanga. Huvaliwa na mwanamke mzima. Waridi hutolewa marashi, na marashi hurashiwa wageni katika arusi, na harufu njema hutiwa hata katika sanda. Basi ua lipo pamoja nasi katika furaha na katika msiba. Na Rehani, ambalo ni jina la jani linukialo, huitwa wanaume wenye ndevu zao, wala hatujasikia mtu akiwacheka. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwafananisha wajukuu wake, Hasan na Husein, na rehani yake ya dunia, nao walikua wakawa viongozi wa watu.

Na tuwatazame wale waliotutangulia. Talha, sahaba mkubwa, jina lake ni la mti wa jamii ya mgunga, miti ambayo ndugu yetu aiona kila siku katika nchi kavu ya Mbeere. Hanzala ni jina la tunda chungu la jangwani. Lakini mfano ulio karibu zaidi na swali letu ni wa Zainabu binti Abi Salama. Alikuwa mtoto, na jina lake la kwanza lilikuwa Barra, yaani mwema. Mtume akalibadilisha, kwa kuchelea mtu kujisifu nafsi yake, akamwita Zainabu. Na wenye elimu ya lugha ya Kiarabu wamesema kuwa zainabu ni mti mzuri wa sura na wenye harufu njema. Zingatieni basi: jina la sifa liliondolewa, na jina la mti unukiao likawekwa. Na mtoto yule alipokua, alihesabiwa miongoni mwa wanawake wa Madina waliokuwa na fikihi zaidi katika zama zake. Harufu ya jina lake haikumzuia kuwa mwanachuoni.

Majina yanayomwelemea mtu mzima ni mengine. Ni yale ya huzuni na dharau: Tabu, Shida, Mashaka, ambayo watu wetu huwapa watoto kwa sababu ya msiba uliopita, au kwa kudhani kuwa mauti yatawapuuza. Mwimbaji mashuhuri wa Unguja, Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Siti ni jina la heshima alilopewa na watu katika utu uzima wake. Hatuingii hapa katika habari ya nyimbo. Twataka tu ijulikane kuwa watu wenyewe waliona jina lile halimstahili, wakampa jingine.

Jambo la pili linaloharibu ni kulikata jina. Asumini ni jina kamili. Mimi, au Kiua, ni mchezo wa nyumbani. Mchezo huo una mahali pake, lakini usiandikwe katika cheti. Mzazi na alijaribu jina kwa vinywa vitatu: kinywa cha kadhi anayefungisha ndoa, kinywa cha mwanafunzi anayemwita mwalimu wake, na kinywa cha mjukuu anayemwita bibi yake. "Bi Asumini" lapita kote. "Bi Kiua" laanguka mlangoni. Na mwenye kuandika kwa haraka ajue kuwa sheria ya Kenya yampa mzazi miaka 2 tangu kuandikishwa mtoto kupeleka jina lililobadilishwa. Baada ya hapo njia huwa ndefu.

Sasa jawabu letu kwa ndugu yetu. Jina la Asumini halina aibu, utotoni wala uzeeni. Lakini asilitumie kuufunga mlango wa mkwewe. Uislamu haukushurutisha jina liwe la Kiarabu. Masahaba wengi, wanaume kwa wanawake, walibaki na majina yao ya kabla ya Uislamu, na yaliyobadilishwa ni yale yenye maana mbaya au ya kujisifu. Basi na aulize maana ya jina la mama yule. Likiwa jema, na aliandike pamoja na Asumini, mtoto awe na yote mawili. Na ikiwa kuna mwenye kuitakidi kuwa roho ya mzee hurejea ndani ya mtoto, itikadi hiyo iachwe, na heshima ibaki. Mama aliyezaa na kulea, anayengoja kumbeba somo wake, ana haki kubwa kuliko rai za marafiki.

Kisha baba na ajue kuwa jina ni mwanzo tu wa kazi. Amfundishe binti yake dini na elimu, naye mwenyewe alitamke jina lake kwa adabu mbele ya watu. Anayeitwa kwa heshima nyumbani hachekwi sokoni.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.